Mlango Uliomtazama Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikaa ndani ya nyumba yake karibu msimu mzima, miguu ikimfa ganzi, na aliyemfungia ndani ni mimi. Sikumfungia kwa kufuli. Nilimfungia kwa adabu, kwa kamba ya katani na kwa ujinga wa mtu anayependa mistari iliyonyooka. Wajukuu wangu wakiniomba niwasimulie, huanza kucheka kabla sijafika katikati, nami siwakatazi. Wakati ule mimi sikucheka.

Nilizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya Korogwe. Baba alikuja kutoka mbali kwa mkataba wa kukata mkonge. Mkataba ukaisha, yeye akabaki. Kambini tulikuwa watu wa makabila mengi, na kila mmoja alikuwa ameacha nusu ya mila zake njiani. Mkwe na mama mkwe walisimama foleni moja ya maji na kugombana kwa sauti, na aliyeshinda akachota kwanza. Huko nilijifunza mambo mawili: kuupenda mstari, kwa maana mkonge hupandwa kwa kamba na ukipinda unasemwa, na kushona katambuga, ndivyo tunavyoviita viatu vya matairi ya gari.

Baada ya uhuru nilipata kibanda changu Manundu, pale mjini Korogwe, nikawa fundi anayejulikana. Siku moja akaja binti wa Kizigua kutoka upande wa Kwaluguru, mkononi ana kipande cha kamba chenye mafundo mawili. Akanieleza kwamba urefu kati ya mafundo ndio mguu wa mama yake, na kwamba nitengeneze kitu kigumu maana mama huyo hatembei, anakwenda mbio. Nikatengeneza. Baada ya miezi michache akarudi, soli zimelika kabisa, nikatengeneza tena. Jozi ya tatu ilipokwisha nikawa nimeshamposa binti. Kwa hiyo mguu wa mama mkwe niliujua kabla sijamjua mwenyewe, jambo ambalo wakwe wachache wanaweza kujisifu nalo.

Kabla ya ndoa mjomba wa mchumba wangu alinikalisha chini. Kwa Wazigua mjomba ndiye mwenye neno, na huyu alikuwa nalo tele. Akaniambia mama mkwe hatazamwi usoni. Haitwi jina, hapewi mkono, huli mbele yake, na mkikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Mzaliwa wa mila hizo huzibeba kama anavyobeba mikono yake, bila kufikiri. Mimi nilizibeba kama mzigo wa mayai. Niliapa moyoni kwamba hakuna Mzigua atakayesema yule mtoto wa kambini hana adabu, na nikaanza kumheshimu mama mkwe kuliko walivyoniagiza.

Miaka hiyo yeye alikaa kwenye mji wa zamani wa ukoo wao, juu ya kilima, peke yake na kuku wake. Mke wangu alinieleza siku zake zilivyokwenda. Alfajiri alishuka mtoni na mtungi, akapanda nao. Akaenda shambani, akarudi na kuni, na jioni kukisikika ngoma ng'ambo ya bonde alivuka bonde. Alikula mboga za porini kama mchunga na mnavu, mtama, kunde, na embe zikiwapo. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni mazuri kwa mwili. Alikuwa anaishi tu, na damu yake haikupata nafasi ya kulala.

Kisha likaja agizo la kuhamia vijijini, watu wakae pamoja, wapate shule, maji na zahanati. Mimi na mke wangu tukafunga mizigo Manundu tukaenda kuungana na ukoo wake katika kijiji kipya. Mwenyekiti wa kijiji aliposikia nimetoka kwenye mkonge alifurahi mno, akanipa kamba na vigingi, akasema nipime viwanja. Nilipima kwa wiki mbili. Nilinyoosha mistari ile mpaka ukisimama nyumba ya kwanza ukafumba jicho moja, nyumba ya ishirini huioni, imejificha nyuma ya zile nyingine. Mke wangu aliniomba jambo moja tu, mama yake awe karibu. Nikampa mama mkwe kiwanja cha heshima, ng'ambo ya barabara, hatua kumi na mbili kutoka kwangu, mlango wake ukitazamana na wangu barabara kabisa.

Mjomba alikuja kukagua. Alisimama katikati ya milango ile miwili kwa muda mrefu, akaniuliza kama nimepima mwenyewe. Nikasema kwa kifua mbele kwamba ndiyo. Akakohoa, akaenda zake. Nilidhani ni kifua kinamsumbua, nikamwagiza mke wangu ampelekee tangawizi.

Nilianza kazi yangu ya katambuga barazani. Kwa kuwa mlango wa mama mkwe ulikuwa mbele yangu, nilikaa nimeupa mgongo. Fikiria fundi anayefanya kazi siku nzima amegeukia ukuta wa nyumba yake mwenyewe, jua linamchoma kisogo, na wateja wanazungumza na shingo yake. Watu walinisifu. Wazee walisema mkwe huyu ameshika mila kuliko vijana wetu, na mimi nikazidi kunyoosha mgongo. Mama mkwe sikumwona hata kivuli, nikaamini mambo yanakwenda vizuri.

Baada ya masika mke wangu akaanza kurudi kutoka kwa mama yake na uso uliokunjamana. Alisema miguu ya mama ni ya baridi hata mchana wa jua. Vidole vinachomachoma kama vimekaliwa na siafu, halafu vinakufa ganzi. Jioni vifundo vinavimba, na zile katambuga zangu haziingii tena. Kijijini kila mtu alikuwa na sababu yake. Mmoja alisema ni maji ya kisima kipya, mwingine akasema ni kuacha makaburi ya ukoo kule kilimani. Mwenyekiti akasema ni uzee. Mama mkwe alikuwa na miaka hamsini na kitu.

Tulimpeleka zahanati kwa tela la trekta la kijiji, yeye amekaa mbele na wanawake, mimi nyuma nimejifunika kofia. Muuguzi wa zahanati alikuwa mama mmoja mfupi asiyependa mzaha. Mke wangu alinisimulia baadaye kwamba alimbonyeza mama mguu kwa kidole gumba na shimo likabaki, kisha akamwuliza siku yake inakwendaje. Mama akajibu kwamba anakaa. Akaulizwa baada ya kukaa anafanya nini. Akasema anakaa tena. Muuguzi akampima, akamwambia moyo wake mzima, ila damu inayoshuka miguuni inahitaji miguu iisukume irudi juu, na miguu inayokaa haisukumi kitu. Atembee asubuhi na jioni, akipumzika aiinue miguu juu ya mto, apunguze chumvi, ale mboga za majani na matunda, na arudi aonekane tena mwezi ujao.

Hapo ndipo nilipopata kazi. Mkwe haruhusiwi kumtazama mama mkwe, lakini hakuna mila inayomkataza kumlisha. Nilipanda basi hadi Korogwe, nikazunguka soko la Manundu nikiulizia dawa ya damu isiyotembea, na kila mchuuzi alikuwa tabibu. Nikanunua tangawizi ya milimani, vitunguu saumu, ndimu na mdalasini. Nikapitia kambini kwa mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amekusanya elimu ya majirani wa kila kabila kwa miaka thelathini. Alinipa mbegu za mlonge na mashina ya mchaichai nikapande, na chupa ya mafuta ya ufuta. Akanielekeza kwamba mafuta yapashwe moto kidogo, na miguu isuguliwe kuanzia vidoleni kupanda juu, kamwe isisuguliwe kushuka. Mwisho akasema hayo yote ni ya kusaidia tu, mwenye kazi ni mguu. Hilo la mwisho nililisikia nusu, maana basi lilikuwa linapiga honi.

Nyumba yetu ikageuka jiko la mgonjwa. Asubuhi mke wangu alichemsha mchaichai na tangawizi, akakamulia ndimu. Mchana mchunga, umechemshwa na kumwagwa maji ya kwanza ili uchungu upungue, ukaungwa kwa karanga na kitunguu saumu, na chumvi ya kuonjea tu. Jioni kunde, au kisamvu, na papai. Mimi sikupika, lakini nilisimamia kila chungu kwa ukali wa mnyapara, na harufu ya kitunguu saumu ilivuka barabara kabla ya sahani.

Vita yetu kubwa ilikuwa ng'onda, samaki wale wakavu wa chumvi kutoka pwani. Mama mkwe aliwapenda kupita kiasi, na alikuwa nao kikapu kizima chini ya kitanda. Nilituma neno kwamba kikapu kitoke. Likarudi neno: mwambie mkwe wangu mimi si sungura. Nikatuma kwamba sungura hana miguu inayovimba. Likarudi kimya, na nyuma ya kimya kikaja kikapu, kimefunikwa kwa kanga kana kwamba ni maiti. Mke wangu alikaa chini akacheka mpaka akalia. Namna hiyo tulizungumza, mama mkwe na mimi, hatua kumi na mbili katikati yetu, na mdomo wa binti yake ndio ulikuwa daraja. Nilianza kumpenda mama yule kwa majibu yake.

Lakini miguu haikupona. Asubuhi, baada ya kulala imeinuliwa, uvimbe ulipungua, na jioni ukarudi palepale. Ganzi ikapanda kutoka vidoleni hadi nyayo nzima. Siku moja alikanyaga kaa la moto jikoni kwake asijue mpaka aliposikia harufu. Mke wangu aliponieleza hilo nikaogopa, na mimi nikiogopa huwa nakasirika. Nikasimama barazani, mgongo wangu ukiwa kwenye mlango wa mama mkwe kama kawaida, nikasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo kwamba dawa tunaleta, chakula tunapika, lakini mtu ameambiwa atembee na hataki kutembea. Nikasema uvivu hauna mti wa dawa shambani.

Mke wangu alikuwa anapepeta mahindi. Akaweka ungo chini.

"Atembee wapi?" akaniuliza. "Mlango wake unakutazama wewe. Akitoka uko hapo, akirudi uko hapo. Unadhani ni wewe peke yako uliyefundishwa adabu?"

Nikamwambia mimi nimempa mgongo siku zote hizo, shingo imeniungua.

"Umempa mgongo, lakini upo," akasema. "Mwanamke wa Kizigua hapiti mbele ya mkwe wake. Mama anatoka usiku kuchota maji, anarudi, anafunga. Mchana mzima yuko kwenye kigoda nyuma ya mlango anangoja uinuke. Na wewe huinuki."

Nilikaa chini. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nami sikumwomba yeyote anipe. Niliona sasa kikohozi cha mjomba kilikuwa cha nini. Niliona kwa nini wateja wa Kizigua walikuwa wakitazama mlango ule, kisha wakanitazama mimi, kisha wakasifu katambuga zangu bila sababu. Hakuna aliyethubutu kuniambia, maana kumweleza mkwe jambo la mama mkwe wake ni aibu, na kamba niliyoshika ilikuwa ya serikali. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye giza kwa ajili ya heshima yangu, nami nilikuwa nimekaa juani kwa ajili ya heshima yake, na katikati yetu miguu yake ilikuwa inakufa. Nililia, na sioni haya kulisema.

Kwanza nilijaribu kuondoka. Nilikwenda Segera, kwenye njia panda ya magari makubwa ambako nilikuwa nikipata matairi mabovu, nikakaa huko tangu alfajiri hadi jioni siku tatu mfululizo. Mama mkwe hakutoka, maana hakujua nitarudi saa ngapi. Nikaenda kwa mwenyekiti kuomba nihamishwe kiwanja. Akaniuliza kama nataka kuharibu mstari nilioupima mwenyewe. Viwanja vimegawiwa, akasema, na mtu mmoja akihama kwa sababu ya mkwe, kesho atahama wa pili kwa sababu ya shemeji, na kijiji kitarudi kilimani.

Basi nikarudi nyumbani nikachukua shoka. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, na niliijenga mwenyewe. Nilitoboa ukuta wa nyuma, nikauhamishia mlango huko, nikaziba ule wa mbele kwa fito na udongo, nikapiga lipu mpaka hapakubaki alama. Baraza nikaihamishia uani. Kazi ilichukua siku mbili, na kijiji kizima kilikuja kutazama. Walisema fundi viatu amewanunia majirani. Walisema nyumba imetubu, imegeukia kibla. Watoto walipita wakibisha ukutani na kukimbia.

Mwenyekiti alikuja ametoa macho. Wiki ile alikuwa anatarajia mgeni kutoka wilayani, aje aone nyumba zilivyonyooka zikitazama barabara, na sasa moja ilikuwa inamwonyesha mgeni mgongo. Nikamwambia mstari wake uko palepale, hata inchi haijasogea, kilichogeuka ni nyumba. Alifikiri, akatafuta kosa kwenye kitabu chake cha maagizo, hakulipata. Akaondoka akinung'unika kwamba watu wa kambini ni wabaya.

Asubuhi ya tatu niliamka mapema, nikakaa ndani, nimeegemea ule ukuta mpya wa mbele. Udongo ulikuwa bado unanukia. Nikasikia mlango wa ng'ambo ukilia. Kimya. Kisha nyayo, moja, na nyingine, zikiburuzika kidogo upande wa kushoto, zikapita mbele ya ukuta wangu, sikio langu likiwa shubiri moja kutoka kwake. Zilikwenda hadi msikitini, ambako palikuwa na gogo la kukalia. Zikachelewa huko. Nilikuwa nimeshaanza kumwita mke wangu aende kumtazama ziliporudi. Zilikuwa za pole, lakini zilikuwa zinarudi zenyewe.

Kesho yake zilipita gogo. Wiki ya pili zilifika ghala la pamba, mwezi wa pili zilifika kisimani, na sasa hazikuwa zake peke yake. Wanawake wenzake, ambao nao kilima walikiacha na mto wakauacha, walianza kumfuata, wawili, kisha wanne, kisha wakawa kundi. Walikwenda na kurudi kila asubuhi wakipiga vigelegele visivyo na harusi. Wakifika uwanja wa shule walikuwa wakicheza ngoma kidogo, mabega na viuno, wakisema wanafuata maagizo ya muuguzi. Mchunga na maji ya tangawizi viliendelea kuvuka barabara. Ng'onda alipewa mmoja kila Ijumaa, nikajifanya sijui.

Siku moja mke wangu aliingia mbio, nikadhani kuna msiba. Alikuwa anacheka. Mama yake alikuwa amechomwa na mwiba njiani, na ameumia. Ameumia kweli, ameruka kwa mguu mmoja na kutukana, kisha akaketi chini akaanza kumshukuru Mungu, kwa sababu mwiba ule ameusikia. Nilitoka uani nikacheza peke yangu. Muuguzi naye alipombonyeza mwezi ule, shimo halikubaki.

Baada ya mavuno mjomba akanijia. Alizunguka nyumba mara moja kutafuta pa kuingilia, akaketi, akakohoa, na safari hii nilingoja maneno yafuate.

"Dada yangu ananituma," akasema. "Anasema miguu yake imepona. Anasema nyumba ya binti yake inaishi kwa mgongo, wageni wanaizunguka kama wezi, na yeye hawezi kulala kwa hilo. Anataka ufungue mlango wa mbele."

Nikamwuliza je, atatembea nikiufungua. Mjomba akasema hakuagizwa jibu la hilo. Akaniambia nitoe mbuzi, wazee wamle, na aibu kati yetu itapunguzwa kwa kadiri mila inavyoruhusu. Kuisha haiishi, ila inapungua. Mbuzi nilitoa na wazee wakamla. Mlango sikuufungua. Siku nne nilikataa. Nilimwambia mke wangu kwamba nimeisikiliza miguu ile kwa miezi, naijua kila hatua, na sitairudisha kwenye kigoda kwa ajili ya wageni. Mke wangu akasema mama ameomba, na mama hajawahi kuniomba kitu.

Siku ya tano nikashika jembe nikaanza kuubomoa ukuta ule alfajiri, kwa ndani. Udongo ulikuwa umekauka vizuri, nilikuwa nimeujenga kwa bidii mno, na fito zilinitoa jasho. Nilipopata nafasi ya kupita mwili, nikasukuma kipande cha mwisho kikaangukia nje na vumbi likatimka. Vumbi lilipotulia niliona mlango wa ng'ambo uko wazi. Mama mkwe alikuwa amesimama barabarani, kanga mbili, debe kichwani, na katambuga zangu miguuni.

Nilikuwa na udongo hadi kwenye nyusi, na nyuma yangu hapakuwa na mahali pa kugeukia. Nikainua uso nikamtazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho ya mke wangu, na alikuwa ananitazama. Nikaona mguu wake mmoja ukirudi nyuma nusu hatua kuelekea mlangoni kwake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba," akaitika, akalishika debe vizuri, akapita mbele ya mlango wangu kwenda kisimani.